Madhabahu ya Nyumbani: Mawe ya Wazee Wetu katika Historia ya Ituri



Katika mikutano ya shirika letu tumezoea kuzungumza juu ya ngoma, mahari, majina ya watoto na kilimo cha zamani. Hayo ni mambo mepesi, kila mtu anayasema kwa furaha. Lakini kuna jambo moja ambalo likitajwa watu wananyamaza kwanza, wanaangaliana, halafu mmoja anakohoa. Ni jambo la madhabahu ya nyumbani: kile kibanda kidogo cha nyasi, ama yale mawe machache chini ya ghala, ambapo baba wa nyumba alikuwa akienda kusema na wazee waliotangulia. Wengine wanaita kibanda cha mizimu. Wengine, hasa sisi tuliosoma kwenye misioni, tulifundishwa kusema tu "mambo ya kipagani" na kufunga mlango hapo.

Tumeona vema kuandika juu yake sasa, mbele ya wale walioona kwa macho yao kuisha wote. Hatuandiki ili kumwita mtu arudi huko, wala ili kumcheka yule anayeendelea. Kati yetu kuna Wakatoliki, kuna watu wa CECA 20, kuna Waanglikana wa Boga, na kuna wazee wawili watatu ambao hawafichi kwamba mpaka leo wanamwaga pombe kidogo chini kabla ya kunywa. Tunaandika kama watu wanaotafuta historia yao wenyewe.

1. Neno "mpagani" limetoka wapi?

Tuanze na jina, kwa sababu jina ndilo lililotuogopesha. Neno hili halikuzaliwa Afrika. Ni la Kilatini, paganus, na maana yake ya kwanza ni mtu wa shamba, mtu wa kijijini. Baadaye Wakristo wa Dola la Roma walilitumia kwa kila mtu asiye wa dini yao. Kumbe hata babu wa wazungu waliotuletea neno hili waliitwa hivyo siku moja.

Tena Waroma nao walikuwa na madhabahu nyumbani. Karibu na moto wa jikoni ama uani kulikuwa na pahali padogo pa roho walinzi wa nyumba, na mwenye nyumba aliweka hapo divai, chakula kidogo na ubani. Mwaka wa 392 Kaisari Theodosius alitoa sheria iliyokataza kutoa sadaka hizo hata mtu akiwa ndani ya nyumba yake, hata iwe moto mdogo, divai ama ubani tu. Tuangalie vizuri: hekalu kubwa la mjini linaweza kufungwa na askari kwa siku moja. Lakini madhabahu ya nyumbani ilihitaji sheria ya pekee, juu ya hiyo iko karibu na chungu cha mama na kitanda cha watoto. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kigumu kuondoa.

Siku hizi huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaojiita Wapagani kwa kupenda kwao. Wanaweka meza ndogo chumbani, wanaweka mshumaa, jiwe, maji na majani, na wanaomba miungu ya zamani ya kwao. Katika nchi ya Iceland chama cha watu wa namna hiyo kilitambuliwa na serikali tangu mwaka wa 1973. Hao wanapaswa kutafuta desturi zao katika vitabu, kwa sababu zaidi ya miaka elfu moja imepita kati yao na babu zao. Sisi hapa Ituri hatuko mbali hivyo. Kati yetu na kibanda kile kuna babu mmoja tu, mara nyingine baba tu. Ndiyo maana wao wanazungumza kwa sauti, na sisi tunakohoa.

2. Wazee walifanya nini hasa?

Ituri ni nchi ya makabila mengi, na kila moja lina njia yake. Tunachukua mifano minne.

Kwa Walugbara wa Aru, na ndugu zao walio ng'ambo ya mpaka kule Arua, mwalimu John Middleton alikaa pamoja nao upande wa Uganda kuanzia mwaka wa 1949 mpaka 1952, na kitabu chake juu ya dini yao kilitoka mwaka wa 1960. Anaeleza nyumba ndogo za wafu, zilizotengenezwa kwa mawe bapa, zikiwekwa chini ya ghala la nafaka. Pale mzee wa ukoo aliweka nyama na pombe. Lakini msomaji asifikiri kwamba mzee alienda pale kila asubuhi kupiga magoti. Hapana. Alienda wakati kulikuwa na shida: mtu amegonjwa, ama kijana amedharau mkubwa wake, ama ndugu wawili wamegombana. Waliuliza kwanza kwa kupiga ramli ni mzee gani wa zamani amekasirika, na juu ya nini. Mnyama alichaguliwa, akawekwa kando. Mgonjwa akipona, ndipo mnyama alichinjwa, na watu wote wa ukoo wakala pamoja.

Basi pale kwenye mawe ndipo ugomvi ulisemwa kwa sauti mbele ya wote, walio hai na waliokufa. Huwezi kula nyama ya sadaka pamoja na ndugu yako huku ukiendelea kumchukia moyoni. Middleton anaonyesha pia upande wa pili: wazee walishindana. Yule ambaye maneno yake yalisikiwa na wafu, huyo ndiye aliyekuwa mkubwa kweli. Kwa hiyo madhabahu ilikuwa pia kiti cha mamlaka. Tusipake asali: wako waliopatanishwa hapo, na wako waliotishwa hapo.

Kwa Waalur wa Mahagi neno ni abila. Neno hilo tunalisikia pia kwa Waacholi wa Uganda, kwa kuwa wote ni Waluo waliotoka kaskazini. Abila ni pahali pa wazee wa nyumba. Mwalimu Aidan Southall, ambaye kitabu chake juu ya Waalur kilitoka mwaka wa 1956, alieleza jambo ambalo wanahistoria wa dunia nzima wanalirudia mpaka leo: Waalur hawakueneza usultani wao kwa mkuki tu. Mara nyingi majirani wao, Walendu na Wandookebo, walikubali ama waliomba wenyewe mtoto wa sultani aje kukaa kwao, juu ya kuleta mvua na kukata maneno kati ya koo zinazogombana. Nguvu ya mtoto huyo ilitoka kwa wazee wake waliokufa. Bila wao alikuwa kijana tu kama wengine.

Kwa Wahema wa kusini, ambao lugha yao ni jamaa ya Kinyoro, tunakuta habari za Wachwezi, wale wafalme wa masimulizi: Ndahura, Mulindwa, Wamara. Inasimuliwa kwamba walitawala muda mfupi, halafu walitoweka, wakabaki kuwa roho. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Bunyoro, waliombwa na watu waliowekwa wakfu kwa ajili hiyo, wanaoitwa embandwa, na vibanda vidogo vilijengwa uani kwa ajili yao. Mifugo, maziwa na uzazi ndiyo yalikuwa maombi makubwa. Ziwa halikuwa ukuta, lilikuwa njia ya mitumbwi, na desturi zilivuka pamoja na watu, chumvi na ng'ombe.

Mfano wa nne unapindua yote. Bambuti wa pori la Ituri hawakujenga kibanda. Colin Turnbull, aliyekaa nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, aliandika kwamba pori lenyewe ndilo baba na mama kwao. Msiba ukifika, wanaume wanaimba usiku na kupiga tarumbeta ndefu inayoitwa molimo, ili kuamsha pori. Turnbull alitegemea kuona kitu kitakatifu kilichochongwa kwa ustadi. Akaonyeshwa bomba la chuma lililotoka kwa watu wa kutengeneza barabara. Alishangaa. Wao hawakuona shida: kilicho kikubwa ni sauti, si kitu. Neno hili tulikumbuke, maana litatusaidia mwishoni.

3. Wakati wa moto

Sasa tuone jinsi vibanda vilivyoanza kutoweka.

Mwaka wa 1896 mwinjilisti Muganda, Apolo Kivebulaya, alifika Boga kwa sultani Tabaro, wakati mpaka wa wazungu haujakatwa vizuri bado. Hakuwa mzungu, na hili lisisahauliwe: dini mpya ililetwa kwanza kusini ya Ituri na Mwafrika mweusi kama sisi. Alihubiri juu ya pombe, juu ya wake wengi, juu ya hirizi. Alipigwa, alifungwa, alipelekwa mpaka Fort Portal, akarudi tena. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alikufa Boga mwaka wa 1933, na inasimuliwa kwamba aliomba alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa pori, si kama desturi ilivyotaka, ili kuonyesha kwamba Injili iendelee kwenda mbele. Angalieni: hata yeye, aliyepiga vita desturi za wafu, alijua kwamba kaburi linasema.

Mwaka wa 1912 misioni ya Africa Inland ilifika Kasengu, upande wa Mahagi. Mwaka wa 1922 Roma iliweka Prefektura ya Ziwa Albert, ikawa Vikariati mwaka wa 1933, na mwaka wa 1959 ikawa Jimbo la Bunia. Kwa muda wa miaka hamsini, katekista na mwalimu waliingia karibu kila kijiji. Mtu akitaka ubatizo, mara nyingi aliombwa kwanza alete vitu vya zamani. Vingine vilichomwa mbele ya kanisa. Mawe hayachomeki, yalitupwa ama yalijengewa msingi wa nyumba. Wazee wengine wanatuambia kwa kicheko kwamba baba zao walipeleka vitu vibovu kwa moto, na vile vya kweli vilibaki chini ya ghala.

Wazungu waliweka vitu vyote katika neno moja, fetishi, neno lililotoka kwa Wareno, maana yake kitu cha kutengenezwa, cha uchawi. Hapo ndipo kosa kubwa lilifanyika, na sisi tumelirithi. Mawe ya baba wa nyumba, dawa ya mganga na sumu ya mlozi viliwekwa ndani ya kapo moja. Lakini wazee walijua tofauti. Mlozi anafanya kazi yake usiku, peke yake, juu ya kuharibu. Mzee anasimama mchana, mbele ya watoto wote, juu ya kutengeneza. Kijana wa leo akiona mawe matatu katika parsele ya jirani anapiga kelele "ulozi!", na tumeona jinsi kelele hiyo inavyoweza kufukuza bibi mzee kutoka kwa nyumba yake. Hili si jambo la vitabu tu, ni jambo la uhai wa watu.

Tuseme pia kwamba si kila kitu cha zamani kilikuwa cha amani. Mwisho wa karne ya 19, wakati magonjwa ya ng'ombe na ya watu yalipoangamiza nchi na wageni wenye bunduki walipofika, Walugbara walikimbilia kwa Mkakwa mmoja, Rembe, aliyegawa maji yaliyoitwa Yakan. Ilisemekana kwamba anayeyakunywa risasi hazimwezi. Serikali ya Waingereza ilimkamata Rembe, akanyongwa Yei mwaka wa 1917. Tanganyika nayo ilikuwa imeona Maji Maji mwaka wa 1905 mpaka 1907. Dawa ya vita ni kitu kingine kabisa na mawe ya nyumbani. Ya kwanza inampa kijana ruhusa ya kuua. Ya pili inamuuliza umemkosea nani. Katika Ituri yetu, ambapo vijana wamepewa hirizi na panga mara nyingi sana, ni lazima tuseme tofauti hii wazi.

4. Wazee warudi kanisani

Mambo yaligeuka kidogo. Mtaguso wa Vatikano wa pili, 1962 mpaka 1965, ulifungua mlango kwa desturi za mataifa. Mwaka wa 1972 Mobutu, kwa siasa yake ya otantisite, alikataza majina ya Kikristo, na kila mtu alitafuta jina la babu yake. Siasa ile ilikuwa na ujanja mwingi, lakini iliwalazimisha watu kuuliza swali nyumbani: babu yetu aliitwa nani?

Halafu mwaka wa 1988 Roma ilikubali misale ya majimbo ya Zaire. Ndani yake, mwanzoni mwa misa, baada ya kuwaita watakatifu, wanaitwa pia wazee wetu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Mwaka wa 2019, tarehe 1 Desemba, Papa Fransisko aliongoza misa ya namna hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Yule babu aliyetupwa nje pamoja na mawe yake ameitwa kwa heshima mbele ya altare kubwa kuliko zote. Je, watoto wa katekista wangeamini?

Na mmoja wa waliofikiri sana juu ya hayo ni mtoto wa kwetu. Padri Bénézet Bujo alizaliwa Drodro mwaka wa 1940, akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Fribourg, Uswisi, akafariki mwaka wa 2023. Katika kitabu chake cha 1986, kilichotoka kwa Kijerumani, alifundisha kwamba Mwafrika anaweza kumwelewa Yesu kama Mzee wa kwanza, ambaye uzima wa wazee wote unatimizwa ndani yake. Ndugu zetu Waprotestanti wengi hawakubali njia hiyo, na wana sababu zao: wanaogopa kwamba mlango ukifunguliwa kidogo, woga wote wa zamani utaingia. Tunaheshimu neno lao. Lakini wote tunakubaliana kwamba swali lilitoka Drodro, si Ulaya.

Upande wa sheria, Katiba ya 2006, katika kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dini na wa kuifuata peke yake ama pamoja na wengine, hadharani ama faraghani, akiheshimu sheria, utaratibu na haki za wengine. Mwenye mawe yake nyumbani analindwa sawasawa na mwenye rozari.

5. Ukikimbia usiku, unabeba nini?

Vita vya 1999 mpaka 2003 vilichoma vijiji vingi vya Djugu na Irumu, na tangu mwisho wa 2017 moto ulirudi. Maelfu na maelfu walikuja kukaa Bunia, kwa jamaa, katika kartie mpya, chini ya hema. Katika kikao chetu kimoja tuliuliza: ukikimbia usiku, unabeba nini? Majibu yalikuwa yale yale: mtoto, sufuria, blanketi, karatasi za shule. Hakuna aliyetaja mawe. Tukamuuliza mama mmoja mzee kama hakuhuzunika kuyaacha. Akatujibu: "Mawe haikimbiake, batoto bangu. Inabakia palepale, inatungoja."

Tulinyamaza. Maana hapo ndipo uchungu ulipo. Kwa desturi yetu watu wengi wanazikwa nyumbani, karibu na mlango. Mtu aliyefukuzwa hakupoteza shamba peke yake. Amepoteza mahali pa kusema na baba yake. Mtoto aliyezaliwa Bunia hajui kaburi liko wapi, na mzee akifa hapa mjini, jina la babu yake linakufa pamoja naye. Sanamu za Kongo zilizopelekwa Tervuren zinaweza kuhesabiwa na kudaiwa. Mawe ya chini ya ghala hayana namba. Mtu akipita anaona mawe tu.

Hata hivyo, ukiingia katika nyumba nyingi za Bunia, angalia pembeni mwa sebule. Utaona picha ya marehemu katika fremu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, pengine mshumaa na sanamu ya Bikira Maria. Hakuna atakayeiita madhabahu. Lakini mama wa nyumba akipita anapangusa vumbi, na mtoto akicheza karibu anaambiwa: "Acha, ni babu yako." Bambuti walitufundisha kwamba kitu kinaweza kuwa bomba la chuma, bora sauti iwe ya kweli.

6. Tufanye nini?

Shirika letu halitajenga vibanda. Kila mmoja afuate dhamiri yake na kanisa lake. Lakini tukiangalia historia yote hii, tunaona kwamba madhabahu ya nyumbani ilifanya kazi tatu: ilitunza majina, ilitunza mahali, na ililazimisha ndugu wasemezane kabla ya kula pamoja. Kazi hizo hazina dhehebu.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Kila nyumba inunue daftari moja. Mwandike majina ya wazee wenu, upande wa baba na upande wa mama, mpaka pale kumbukumbu inapoishia. Mwandike kaburi liko wapi: kilima gani, mto gani, mti gani. Kama kulikuwa na mawe ama kibanda, mwandike pia, nani alisema hapo, na juu ya shida gani. Mzee asione haya kusema, na kijana asicheke. Na siku ndugu wawili wakigombana, daftari lifunguliwe mezani, majina yasomwe kwa sauti, mbele ya kuanza maneno.

Ndugu msomaji, siku amani itakapofika na njia ya Djugu itakuwa salama, wengi watarudi kutafuta pahali pa baba zao katikati ya majani. Aliyeandika atajua pa kusimama.